Mkojo wa watu 1,200 wa Katuba na Ruashi: spektrometa ya haraka itaona nini, na nini hakitaonekana

Swali

Jambo Profesa. Mimi ni muuguzi katika eneo la afya la Katuba, hapa Lubumbashi, na jioni ninasoma afya ya umma. Kikundi cha watafiti kutoka Ulaya kimetuomba tukusanye mkojo wa watu 1,200 wa Katuba na Ruashi. Wanasema spektrometa yao ya masi hupima maelfu ya metaboliti ndani ya dakika chache kwa kila sampuli, na kwamba mkojo huo utaonyesha hali ya afya ya mtaa mzima, pamoja na madhara ya madini. Je, hayo ni kweli? Na sisi tunaoshika vikombe, kazi yetu ni ipi hasa?

Jibu

Jambo Mama Muuguzi. Barua yako ina ahadi mbili ambazo lazima zitenganishwe kabla ya kuendelea: hali ya afya ya mtaa mzima, na madhara ya madini. Ya kwanza imekuzwa kupita kiasi. Ya pili, kwa mashine wanayoitaja, haiwezi kutimizwa jinsi ilivyosemwa, kwa sababu mashine hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kupima madini. Hata hivyo kinachobaki ni kikubwa, na ningekuwa mimi nisingewafukuza wageni hao. Ningewakalisha na kuwauliza maswali, nayo ndiyo nitakayokuandikia hapa. Suala la mwisho, la ninyi mnaoshika vikombe, nitalipa nafasi ya kutosha, kwa kuwa utafiti wa aina hii huharibika mara nyingi zaidi njiani, kati ya choo na friza, kuliko ndani ya maabara.

Tuanze na mkojo wenyewe. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka. Katika hizo lita chache mna urea, chumvi, kreatinini (taka inayotoka katika misuli), na idadi kubwa ya molekuli ndogo tunazoziita metaboliti, yaani mabaki na mazao ya kazi ya kemia ya mwili. Mwaka 2013 timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilichapisha orodha ya zaidi ya 2,600 kati ya hizo zilizowahi kuthibitishwa kwenye mkojo wa binadamu. Ukiisoma orodha hiyo utagundua kwamba sehemu kubwa haikutengenezwa na mwili: imetoka katika chakula, dawa, moshi, vipodozi, na bakteria wanaoishi utumboni. Kwa hiyo mkojo wa mtu wa Katuba unabeba habari za bukari na sombe aliyokula jana, za paracetamol aliyomeza usiku, za lutuku kama alikunywa, za jiko la makaa, na pia, katikati ya hayo yote, za ini lake, misuli yake na sukari yake. Ni shajara ya siku moja au mbili, iliyoandikwa na mikono mingi kwa wakati mmoja, na anayetaka kuisoma lazima kwanza ajue mwandiko upi ni wa nani.

Spektrometa ya masi huisoma kwa kupima uzito. Mkojo uliochanganywa na maji safi na kimiminika cha kemikali husukumwa kupitia ncha nyembamba iliyowekewa umeme wa voliti elfu kadhaa, ukatoka kama ukungu wa matone yenye chaji. Matone hukauka, na molekuli hubaki zikielea hewani zikiwa na chaji, yaani zimekuwa ioni. Ni kwa kuionyesha njia hiyo ya kupeperusha molekuli bila kuzivunja ndiyo John Fenn wa Marekani alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2002. Baada ya hapo ioni huingia katika ombwe na kupimwa: katika aina moja ya mashine zinashindanishwa mbio, nyepesi zikafika mwanzo, katika aina nyingine huzungushwa na kuyumbishwa kandokando ya kijiti cha chuma kilichonenepa katikati, na kasi ya kuyumba kwake ndiyo inayotaja uzito.

Mashine nzuri hutaja uzito huo hadi tarakimu ya nne baada ya nukta, na hapo ndipo uwezo wake ulipo. Chukua kreatini (si kreatinini) na lusini, molekuli mbili ambazo zote zina uzito wa 131 ukihesabu kwa namba nzima. Mzani wa kawaida utazichanganya. Mashine kali itasema moja ni 131.0695 na nyingine 131.0946, na mjadala umekwisha. Lakini lusini ina ndugu yake, isolusini, ambayo imejengwa kwa atomi zilezile kwa idadi ileile, zikiwa zimepangwa tofauti kidogo tu; kati ya hao wawili hakuna mzani duniani utakaotofautisha, hata uwe mkali namna gani. Kinachowatenganisha ni kupitishwa kwanza katika mrija mwembamba uliojazwa chembe, ambamo molekuli moja hung'ang'ania chembe kwa muda mrefu kuliko nyingine, ikachelewa kutoka. Utenganisho huo huitwa kromatografia, nao unakula muda.

Hapo ndipo penye gharama ya ile haraka waliyokusifia. Tufanye hesabu. Sampuli 1,200 kwa dakika 15 kila moja ni dakika 18,000, yaani saa 300, yaani siku kumi na mbili na nusu za mashine kufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Na kwa kuwa mrija mmoja haushiki molekuli za aina zote, zile zinazopenda mafuta na zile zinazopenda maji, maabara makini hupitisha sampuli kwa njia mbili au zaidi, hivyo siku hizo huongezeka maradufu, bado hatujahesabu sampuli za ukaguzi. Ukipunguza hadi dakika mbili kwa sampuli, kazi ya saa 300 inakuwa ya saa 40, na gharama inashuka sana. Huo ni ushindi mkubwa kwa tafiti za watu wengi, sina ubishi nao. Ila kadiri unavyofupisha mrija na muda, ndivyo lusini na isolusini wanavyotoka wamekumbatiana, na ndivyo chumvi na urea, ambazo mkojo umejaa, zinavyoingia kwenye ukungu pamoja na molekuli nyingine na kuzinyang'anya chaji. Molekuli iliyonyang'anywa chaji haionekani, au huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kosa hili ni baya kwa sababu halitoi dalili: mashine haisemi "sikuona vizuri", inaandika tu namba ndogo.

Dawa yake inajulikana. Kwa kila molekuli muhimu, maabara huongeza katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha molekuli ileile iliyotengenezwa kwa isotopu nzito, kwa mfano yenye kaboni 13 badala ya kaboni 12. Pacha huyo mzito hunyang'anywa chaji sawasawa na ndugu yake mwepesi, kwa hiyo ukilinganisha wawili hao kosa linajifuta. Lakini pacha hununuliwa mmoja mmoja, kwa bei kali, na kwa hiyo hakuna maabara inayoweza kuwa na pacha wa maelfu ya molekuli. Waulize wageni wako swali hili kwanza: mna pacha wa molekuli ngapi, na zipi? Jibu litakuonyesha ni zipi watakazopima kwa uhakika na ni zipi watakazokisia.

Kuhusu neno "maelfu", nalo linahitaji kupepetwa. Mashine huhesabu vilele, yaani alama zinazoinuka kwenye mchoro wake wa uzito, si vitu. Molekuli moja inaweza kutoa kilele ikiwa imebeba hidrojeni, kingine ikiwa imebeba sodiamu, kingine kwa kuwa na kaboni 13 moja ndani yake, kingine ikiwa imeshikana na mwenzake, na vingine kwa kuvunjika njiani. Vilele elfu tano vinaweza kuwa vitu mia chache. Tena kilele chenye uzito unaojulikana si lazima kiwe kimetambuliwa jina. Tangu mwaka 2007 wanataaluma wana ngazi nne za kutambua, kuanzia ya kwanza, ambapo kitu kimelinganishwa na dutu halisi iliyonunuliwa na kupitishwa katika mashine ileile, hadi ya nne, ambapo kinaitwa tu "kisichojulikana". Ripoti isiyotaja ngazi, mimi huirudisha.

Sasa madini. Kobalti, urani, risasi na arseniki hupimwa kwa spektrometa ya masi pia, lakini ni mashine nyingine kabisa inayofanana na ile kwa jina tu. Ndani yake mkojo hupuliziwa katika mwali wa argoni wenye joto la maelfu ya nyuzi, ambamo kila molekuli husambaratika na kubaki atomi tupu. Mashine huhesabu atomi hizo. Ile inayohifadhi molekuli haifai kwa kobalti, na hii inayohesabu kobalti imeziteketeza metaboliti zote. Kwa hiyo mtu akikuambia mashine moja itafanya yote mawili, ama amerahisisha maneno kwa ajili yako, ama hajui.

Na kwa upande huo wa madini, Lubumbashi haianzi kutoka sifuri. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini, wastani wa kijiometri wa kobalti ulikuwa mikrogramu 15.7 kwa gramu ya kreatinini. Ili uelewe uzito wa namba hiyo, kiwango elekezi kinachotumiwa na wataalamu wa Marekani kwa wafanyakazi wa viwandani ni mikrogramu 15 kwa lita. Hapa tunazungumzia wakazi, watu wazima na watoto. Waandishi walisema hivyo ndivyo viwango vya juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambao kobalti iligunduliwa chini ya nyumba na wachimbaji wakachimba uani. Pale waliongeza kipimo kimoja cha kimetaboliti, kinachoitwa 8-hidroksi-deoksiguanosini, ambacho ni kipande cha DNA kilichoharibiwa na oksijeni na kutupwa kwenye mkojo, wakaona uharibifu huo kwa watoto ukiambatana na mfiduo, yaani kufikiwa na madini hayo.

Nimeurefusha mfano huo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo njia ninayoiamini. Mashine ya madini inaeleza kilichoingia. Mashine ya metaboliti, ikilenga vitu vichache vilivyochaguliwa kwa sababu, inaeleza mwili umejibu nini. Ukizitumia zote mbili kwenye mkojo wa mtu yuleyule unaanza kuwa na hoja. Ukitumia ya metaboliti peke yake, ukilinganisha Ruashi iliyo jirani na mgodi wa shaba na kobalti na Katuba iliyo mbali nao kidogo, utapata tofauti nyingi sana, na huenda nyingi kati ya hizo zisihusiane na mgodi hata chembe.

Nieleze kwa nini. Kuna kitu kinaitwa asidi hipuriki, ambacho vitabu vya afya ya kazini hukitaja kama alama ya toluini, kiyeyusho cha rangi na gundi. Ni kweli. Lakini asidi hiyohiyo hutengenezwa mwilini kutokana na benzoati ya sodiamu, dawa ya kuhifadhi inayotiwa katika soda nyingi, na vilevile bakteria wa utumbo wakishachakata chai, matunda na mboga. Mtaa wenye vijana wengi wanaokunywa soda utaonekana kama mtaa wa wapaka rangi. Trimetilamini oksidi huongezeka kwenye mkojo wa mtu aliyekula samaki wa baharini, na hapa kwetu hilo maana yake ni chinchadi aliyegandishwa, yule sokoni anayeitwa tomson; samaki wa ziwa Mweru hana kiasi kama hicho. Thiosayaneti hutoka katika muhogo usiolowekwa vya kutosha, na pia katika moshi wa sigara. Kwa kila mfano wa namna hii unaona kwamba mashine imesema ukweli mtupu na msomaji ndiye aliyeukosea. (Aliyeanzisha fani hii ya kupima ioni kwa uzito, huko Cambridge zaidi ya miaka mia iliyopita, aliitwa Thomson. Wanafunzi wangu hawaachi kucheka ninapofika kwenye somo la samaki.)

Uchunguzi mkubwa uliofanywa vizuri unaonyesha tahadhari inayohitajika. Utafiti wa INTERMAP ulichukua mkojo wa saa 24, mara mbili kwa kila mtu, kutoka kwa watu 4,680 wa miaka 40 hadi 59 wa China, Japani, Uingereza na Marekani, ukawauliza kwa undani walichokula. Matokeo ya metaboliti yaliyochapishwa mwaka 2008, ambayo kwa kweli yalipimwa kwa njia ya sumaku, si kwa spektrometa ya masi, yalihusisha asidi hipuriki na fomati na shinikizo la damu lililo chini. Waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na daftari la chakula, kipimo cha shinikizo na mkojo wa siku nzima. Bila daftari hilo, namba za mashine zingebaki bubu. Kwa hiyo madodoso mtakayouliza Katuba yana thamani sawa na kikombe: amekula nini tangu jana, amekunywa nini, amemeza dawa gani, anapika kwa makaa au umeme, anafanya kazi gani, na nani nyumbani ni mchimbaji anayerudi na vumbi kwenye nguo.

Kama ningeulizwa kuchagua kitu kimoja cha kupima hapa kwetu kwa njia hii ya haraka, ningechagua aflatoksini M1. Ni mabaki ya sumu ya kuvu ya mahindi na karanga, sumu ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya ini. Inapimika kwenye mkojo kwa spektrometa, pacha wake mzito anauzwa, na jibu lake linaweza kufuatwa hadi kwenye gunia la unga. Wageni wengi hawaitaji, kwa sababu wao wamekuja kwa ajili ya kobalti. Ni juu yenu kuitaja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limeharibu hitimisho nyingi kimyakimya: maji. Mtu aliyefanya kazi juani siku nzima hutoa mkojo mzito. Aliyekunywa lita mbili za maji hutoa mwepesi. Kabla ya kulinganisha watu lazima uondoe tofauti hiyo, na desturi ni kugawanya kila kipimo kwa kreatinini, kwa dhana kwamba kila mtu hutoa kreatinini kwa kiwango kisichobadilika sana. Dhana hiyo inafaa kwa mfanyakazi wa kiume mwenye afya. Kreatinini hutoka katika misuli, na huongezeka pia ukila nyama. Mtoto mwenye utapiamlo ana misuli kidogo, na mzee vilevile. Fikiria watoto wawili wa Katuba, kila mmoja ana mikrogramu 10 za kobalti kwa lita. Wa kwanza ana kreatinini ya gramu 1 kwa lita, kwa hiyo anaandikwa 10. Wa pili amekonda, ana gramu 0.4, kwa hiyo anaandikwa 25. Ukisoma jedwali utasema watoto waliokonda wamefikiwa na kobalti mara mbili na nusu zaidi, na mtu atakwenda mbele na kudai kwamba kobalti ndiyo inayokondesha, ilhali chanzo cha tofauti yote ni kugawanya.

Njia nyingine ni kupima uzito mahususi wa mkojo, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji, kwa kifaa kidogo cha mkononi, refraktometa, ambacho kinahitaji tone moja tu na hakitaki umeme wa mtandao. Kipimo kikiwa 1.010 na ukataka kukirekebisha kwenda 1.020, unazidisha kiasi cha kobalti kwa lita kwa 2, kwa kuwa 0.020 ni mara mbili ya 0.010. Nayo ina kasoro, kwa kuwa sukari ya mgonjwa wa kisukari au protini ya mgonjwa wa figo huongeza uzito huo bila sababu ya maji. Ushauri wangu ni kwamba mpime vyote viwili, mkiandika namba ghafi bila kugawanya, na mchambuzi aonyeshe kama matokeo yanasimama kwa njia zote mbili. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka ya mkojo unaokubalika: kreatinini kati ya gramu 0.3 na 3.0 kwa lita, au uzito mahususi kati ya 1.010 na 1.030. Lakini ukiutumia mpaka wa chini wa kreatinini bila kufikiri, utawaondoa watoto wenye utapiamlo kwenye utafiti, na hao ndio tunaowahofia zaidi.

Nirudi kwenye vikombe. Mkojo ukikaa joto, bakteria huula na kuuandika upya: hubadilisha urea kuwa amonia, kolini kuwa trimetilamini, na kuongeza asetati. Mkojo uliokaa saa sita mezani katika joto la Oktoba unaeleza habari za bakteria wa kikombe kuliko za mtu. Kwa hiyo mara tu baada ya kukusanywa uwekwe katika boksi la barafu, ufikishwe kwenye kituo siku hiyohiyo, uzungushwe katika sentrifuji ili seli na vijidudu vitulie chini, maji ya juu yagawanywe katika mirija midogo, kisha igandishwe, kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kama friza lipo. Kuzungusha kabla ya kugandisha kuna sababu: seli zikigandishwa hupasuka na kumwaga vilivyomo. Kwa mwenye kichocho cha kibofu, mwenye damu kwenye mkojo, kosa hilo huonekana wazi.

Umeme ni tatizo ambalo wageni hawalijui mpaka uwaambie. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kufungua friza la taasisi moja ya mkoa, lililojaa mirija mia kadhaa, yote ikiwa imeganda vizuri na lebo zake zikiwa safi. Kilichotushtua ni kwamba ndani ya kila mrija barafu ilikuwa imelala upande, kwa mteremko. Mirija ilikuwa imesimama. Ina maana boksi liliwahi kulala, mkojo ukayeyuka, ukaganda tena ukiwa umelala, kisha mtu akalisimamisha boksi, na hakuna aliyeandika neno. Tangu siku ile mimi hudai kipimajoto kinachorekodi chenyewe ndani ya kila friza, na daftari la kukatika kwa umeme lenye saa na sahihi. Kikombe kidogo cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake hutoa ushahidi huohuo kwa bei ya faranga chache: ukiikuta sarafu imezama, umejua.

Vumbi nalo. Kobalti ipo kwenye kucha za mtoto aliyekuwa akicheza nje, kwenye meza, na kwenye mifuko ya nguo. Mtu anawe mikono kabla, kikombe kifunuliwe wakati wa kukojoa tu, na msikusanye mahali pa kazi. Kwa kila siku ya kukusanya, mimineni maji safi ya maabara katika vikombe vitatu au vinne hapohapo uwanjani, mvifungue na kuvifunga kama vingine, mkavipeleka pamoja na mkojo bila kumwambia mpimaji. Vikombe hivyo vikirudi na kobalti, mtajua mapema. Glovu zenye unga msizitumie.

Katika maabara yenyewe nina madai mawili tu. La kwanza: sampuli za Katuba na za Ruashi zichanganywe kwa bahati nasibu kabla ya kupimwa. Mashine huchafuka polepole, na usikivu wake wa siku ya kwanza si wa siku ya kumi. Ikiwa Katuba itapimwa wiki ya kwanza na Ruashi wiki ya pili, tofauti ya mitaa na tofauti ya wiki zitakuwa kitu kimoja, na hakuna hesabu itakayozitenganisha. La pili: matone kutoka kwa sampuli zote yamiminwe katika chupa moja, na mchanganyiko huo upimwe tena na tena, kila baada ya sampuli tano hadi kumi. Kwa kuwa ni kitu kilekile, namba zake zingepaswa kubaki zilezile, na kila zinapoyumba unajua mashine imeyumba kiasi gani. Metaboliti ambayo katika mchanganyiko huo hutawanyika kwa zaidi ya asilimia 30 haifai kuandikiwa hitimisho lolote. Kwa takwimu sitasema mengi: ukijaribu metaboliti 1,000 kwa kipimo cha kawaida cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano kwa mia, utapata kama 50 zinazoonekana kuwa na maana kwa bahati tu, na kila mchambuzi anayestahili kazi anazo njia za kuzichuja.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mashine inayoangalia kila kitu inaona dawa. Lamivudini na tenofoviri, dawa za kupunguza makali ya VVU, hutoka kwa wingi kwenye mkojo, na mchambuzi yeyote anaweza kuzikuta hata kama hakuzitafuta. Vivyo hivyo homoni za mimba changa, na mabaki ya pombe kwa mtu aliyemwambia mchungaji kwamba ameacha. Mtu wa Katuba aliyekubali "kupimwa madini" hajakubali hayo. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili tunachokisema hapa, iseme wazi kwamba dawa zitaonekana, iseme nani ataziona na kwamba jina halitaambatana na namba nje ya Lubumbashi. Data za aina hii siku hizi huwekwa katika hazina za wazi za mtandaoni, na hilo ni jema kwa sayansi, lakini umri, mtaa, kazi na idadi ya watoto vikiwekwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtu katika avenyu yake. Kamati ya maadili ya utafiti ikubaliane na hilo kabla ya kikombe cha kwanza, na mkataba wa kupeleka sampuli nje ueleze zitafanyiwa nini, na mwisho wake ni upi.

Kuhusu kiasi, mililita 30 kwa mtu mzima zinatosha, na kwa mtoto mchukue zitakazopatikana. Mgawanye katika mirija minne ya mililita mbili: mmoja wa metaboliti, usiotiwa kitu chochote, mmoja wa madini, ulio katika mrija uliothibitishwa kuwa hauna metali, na ambao maabara ya madini inaweza kuutia asidi, mmoja wa akiba, na wa nne ubaki Lubumbashi. Mkojo utakaobaki baada ya hapo utumieni palepale kwa kreatinini, refraktometa na kijiti cha kupima sukari, protini na damu, mkiandika matokeo kwa kalamu kabla ya mtu kuondoka kituoni, ili mwenye sukari au damu kwenye mkojo aelekezwe kwa daktari siku hiyo, bila kungoja mashine ya Ulaya.